Batli ya Msomaji

Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja kwa mambo mawili. Anayepitisha macho gazetini anasoma, na mtoto anayelipiwa ada naye anasoma. Kwa hiyo mtu mzima akiulizwa kama amesoma, hataji kitabu. Anataja darasa alilofikia. Aliyepata cheti tunasema amemaliza kusoma, na tunalisema hilo kwa pongezi, pengine na pilau juu yake, bila kusikia jinsi kauli hiyo inavyotisha ikichukuliwa kwa maana yake ya kwanza. Amemaliza kusoma: yaani hafungui tena kitabu? Kwa wengi ndivyo inavyokuwa. Lugha yenyewe imejaribu kujinasua kwa kutupa majina mawili, msomi na msomaji. Inasikitisha, na kwa upande mwingine inachekesha, kwamba jina la kwanza ni cheo ambacho mtu hazikwi bila kutajiwa, ilhali la pili humhusu wakati kitabu kimo mkononi tu. Msomi anaweza kukaa miaka kumi hajasoma chochote akabaki msomi. Msomaji hana akiba ya namna hiyo.

Ninalotaka kulisifu hapa ni ufundi unaomsaidia mtu abaki msomaji baada ya shule kumwachia: kujiwekea lengo la kusoma kwa mwaka mzima, na kuandika daftarini alikofika. Nauita ufundi kwa makusudi. Una vifaa na vipimo vyake, una makosa ya mwanagenzi na makosa ya fundi mkongwe, na nia njema peke yake haimfikishi mtu popote. Wengi huanza Januari wakaacha Machi, na mara nyingi si kwa uvivu. Wameshika daftari lisilo la kazi hiyo. Wameshika daftari la madeni, lile la mwenye duka, ambamo kila jina lina kiasi kinachodaiwa, na siku isiyolipwa huongezwa juu ya siku nyingine mpaka mdeni anaanza kupita njia ya nyuma ili asionekane. Msomaji aliyejiandikia vitabu 24 kwa mwaka, akafika Aprili na vitatu, hukiona kitabu cha nne kama mdeni aonavyo duka.

Kuna daftari jingine, na pwani ina jina lake: batli. Hilo ni la chombo cha baharini. Nahodha huandika humo alikotoka, alikoelekea, upepo ulivyovuma, mwendo uliopatikana. Siku ya shwari huandika shwari. Hadaiwi maili ambazo upepo haukumpa. Anachodaiwa ni kujua yuko wapi, ili kesho ajue atweke nini na ashike wapi. Bandari anayoiendea ni lengo lake, naye halidharau, lakini chombo hakiongozwi kwa kuitamani bandari. Hoja yangu yote iko katika tofauti ya madaftari haya mawili. Lengo la kusoma lina manufaa pale tu linapoandikiwa batli.

Mpango wa namna hii si mgeni kwetu. Msahafu umegawanywa juzuu 30, kila juzuu ina hizbu mbili, na alama za robo zimechapwa pembeni mwa ukurasa, msomaji ajue alipo bila kumuuliza mtu. Anayetaka kuhitimu ndani ya Ramadhani anajua kwamba juzuu moja kwa siku itamfikisha. Kwa msahafu unaochapwa Madina, wenye kurasa 604, juzuu moja ni kama kurasa 20, na kurasa 20 zikigawanywa kwa sala tano ni kurasa nne baada ya kila sala. Utazame ufundi wa hesabu hii. Kazi kubwa imevunjwavunjwa hadi vipande vyake vikaingia katika nafasi ambazo tayari zimo ndani ya siku ya mtu. Hakuambiwa akatafute wakati, ameonyeshwa ulipo. Neno kuhitimu, ambalo leo limevaa joho na kofia ya chuo kikuu, limetoka huko, kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukamilisha na kutia muhuri, na hitima inayosomwa msibani ni ndugu yake wa damu. Lakini ipo tofauti kati ya aliyehitimu msahafu na aliyehitimu chuo. Wa kwanza, akifika mwisho wa juzuu ya 30, ada yake ni kurudi kwenye Al-Fatiha. Haingii akilini kwamba amemaliza kusoma.

Tanzania nayo ilipata kujiwekea lengo la kusoma kama taifa, na mfano huo una funzo ambalo halijachimbwa vya kutosha. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa ya kisomo yakafunguliwa chini ya miembe, makanisani na kwenye majengo ya vijiji. Waliojifunza walipimwa kwa hatua nne, na aliyefika hatua ya tatu au ya nne ndiye aliyehesabiwa kuwa anajua kusoma na kuandika. Takwimu za serikali zilionyesha wasiojua kusoma wakipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975, na kazi ikaendelea. Ni moja ya mambo makubwa yaliyofanywa Afrika katika karne iliyopita, na anayeibeza hajui alisemalo. Hata hivyo kipimo kile kilipima uwezo. Kilimuuliza mtu kama anaweza kusoma. Hakikumuuliza alisoma nini mwezi uliopita. Waliosimamia kampeni waliliona pengo hilo, ndiyo maana kukawa na maktaba za vijijini, na kukawa na gazeti la kisomo lenye jina ambalo ni hoja tosha, Elimu Haina Mwisho, ili aliyejua kusoma jana asisahau kesho kwa kukosa cha kusoma. Serikali iliweza kufika hapo. Swali la pili, la umesoma nini na umefika wapi, haliwezi kuulizwa na wizara. Kila mtu hujiuliza mwenyewe, na daftari ndilo linalomsaidia kujibu kweli.

Sasa daftari lenyewe. Kaunta buku ya bei ya chini inatosha kwa miaka mingi. Safu nne: jina la kitabu na mwandishi wake, pamoja na mwaka kilipochapishwa mara ya kwanza, tarehe ya kuanza, ukurasa uliofikiwa, na safu pana ya mwisho ambayo nitaiita neno. Suala gumu ni kila baada ya muda gani safu ya tatu iandikwe. Wengi husema kila siku, na hapo ndipo wanapojiumiza, kwa sababu siku ya Mwafrika Mashariki si mali yake peke yake: kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali, kuna vikao vya harusi, kuna umeme uliokatika saa mbili usiku. Siku tatu tupu mfululizo zinamvunja moyo mtu asiye na kosa. Mwezi nao ni mrefu mno. Makosa ya wiki ya kwanza hugunduliwa wiki ya nne, chombo kimeshapotea. Hapa wazee wa pwani wanatufaa kuliko kalenda ya ukutani. Wao waliuhesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, ile ambayo watu wa Makunduchi huikaribisha kwa Mwaka Kogwa kila Julai, wakaugawa kwa miongo, yaani siku kumi kumi. Wakulima na mabaharia waliitumia hesabu hiyo kujua majira ya mvua na ya pepo. Miongo 36 ni siku 360, zinabaki tano mwaka utimie. Kipimo cha siku kumi kina busara kwa msomaji. Kinameza msiba wa siku tatu bila kutikisika, na bado ni kifupi kiasi cha kumwonyesha mtu kwamba anateleza kabla hajaanguka. (Mwongo huu ni wa miongo, si wa waongo, ingawa daftari lililotunzwa vizuri humshika na yule mwingine.)

Hesabu yake ni nyepesi. Kurasa kumi kwa siku ni kurasa 100 kwa mwongo, na kurasa 3,650 kwa mwaka. Kwa riwaya za kurasa 200 hivyo ni vitabu 18. Mtu asiyefikisha hata nusu ya hapo, akisoma kurasa 40 kwa mwongo, bado atakuwa amesoma vitabu saba, na simjui mwajiri, mhubiri wala mwanasiasa ambaye vitabu saba kwa mwaka havingemsogeza. Mwisho wa mwongo huandikwa ukurasa uliofikiwa. Kama hakuna, huandikwa shwari, na sababu mbele yake: mtihani, mavuno, msiba, au kitabu chenyewe kibovu. Hilo la mwisho liandikwe bila aibu. Kitabu kilichoachwa ukurasa wa 64 kina haki ya kuingia kwenye batli kama kilichomalizwa, maana miezi sita baadaye sababu za kuacha zinasema mengi kuhusu msomaji kuliko orodha ya alivyovipenda. Na ile safu ya neno ni sentensi moja, iandikwe kitabu kikiwa kimefungwa, ikieleza kilichobaki kichwani. Wapo watakaogundua kwamba hakijabaki kitu. Ni habari mbaya, lakini ni habari.

Charles Darwin alitunza madaftari ya aina hii tangu 1838 hadi 1860, yenye orodha ya vitabu vya kusomwa na orodha ya vilivyokwisha kusomwa. Alipoandika habari za maisha yake mwaka 1876, alisema alikisoma kitabu cha Malthus kuhusu ongezeko la watu mwezi Oktoba 1838, na kwamba alikisoma kwa kujiburudisha tu. Kitabu hicho ndicho kilichompa ufunguo wa nadharia iliyompa jina. Lakini daftari lake la utafiti la wakati ule lina maelezo juu ya Malthus yenye tarehe 28 Septemba. Tofauti ya siku chache haibadilishi sayansi. Inachoonyesha ni kwamba hata akili kama ile, kwa jambo kubwa kama lile, iliteleza, na karatasi haikuteleza. William Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara nne, aliandika shajara tangu 1825 hadi 1896, akitaja humo kila alichokuwa akisoma, na waliovihesabu alivyovisoma wamekuta kazi karibu 20,000. Sitoi mfano huu ili mtu ashindane na Gladstone, ambaye hakuwahi kungoja daladala Mbagala. Nautoa kwa sababu ya muda: miaka sabini na zaidi ya mistari mifupi mifupi, iliyoandikwa na mtu mwenye shughuli nyingi kuliko wengi wetu. Daftari likiwa jepesi hudumu.

Lipo pingamizi zito, nalo halijibiwi kwa mkato. Ukianza kuhesabu, utaanza kusoma kwa ajili ya hesabu. Mwanauchumi wa Uingereza Charles Goodhart alitoa onyo la namna hiyo mwaka 1975 alipokuwa akijadili sera ya fedha, kwamba kipimo kikigeuzwa shabaha hupoteza uaminifu wake kama kipimo. Ukitaka kuliona onyo hilo likitimia, tazama mtandao wa Goodreads, ambao tangu 2013 ni mali ya Amazon: mtu hutaja idadi ya vitabu mwanzoni mwa mwaka, na mtandao humwambia yuko nyuma kwa vitabu vingapi. Hilo ni daftari la madeni lililopakwa rangi. Mwenye deni atafanya nini ifikapo Novemba? Atatafuta vitabu vyembamba. Na hapo idadi itamdanganya waziwazi, kwa sababu unene wa kitabu haumwambii mtu uzito wake. Nagona, riwaya ya Kezilahabi, ni kijitabu ambacho mtu anaweza kukibeba kwenye mfuko wa shati, lakini anayekisoma kwa haki atakirudia mara tatu na bado hataapa kwamba ameelewa. Utenzi wa Al-Inkishafi una beti zisizofika 80. Mwongo mzima hautoshi. Mabaharia wanaijua hali hii. Chombo kikienda joshi, kikipinda huku na huku dhidi ya upepo, hukata maili nyingi za maji na kusogea maili chache za safari, na hakuna nahodha anayeona haya kwa hilo.

Jibu si kutupa kipimo. Ni kukipunguzia cheo. Robert Murray M'Cheyne, mchungaji kijana wa Dundee huko Scotland, aliwatengenezea waumini wake mwaka 1842 kalenda ya kuisoma Biblia, Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili, kalenda ambayo makanisa mengi yanaifuata hadi leo. Alifanya jambo ambalo wauza mipango wa siku hizi hawalithubutu: kabla ya kutaja faida za mpango wake alitaja hatari zake, kwamba watu wangesoma kwa mazoea matupu, wangejiona wema, wangesoma ovyo ili wamalize, na kwamba kwa wengine ingekuwa nira isiyobebeka. Kisha akawapa kalenda hiyo hivyo hivyo. Alijua kwamba kuacha kuhesabu nako kuna hatari yake, ambayo haina kelele: mtu hurudia kurasa anazozipenda na kudhani ameisoma Biblia. Kwa msomaji wa vitabu vya kawaida ni vivyo hivyo. Asiyeandika hudhani anasoma sana, kwa kuwa anakumbuka ile wiki moja aliyosoma sana.

Watakaosema kwamba kusoma ni raha na raha haiandikiwi hesabu wana nusu ya ukweli. Mpenzi wa mpira hujua mabao ya timu yake tangu msimu wa utotoni, na sijasikia mtu akisema takwimu hizo zimemwondolea utamu wa Simba na Yanga. Darwin aliandika na vile alivyovisoma kwa burudani. Hesabu huua raha inapokuwa ya mtu mwingine, kama ya mwalimu anayetaka muhtasari au ya mtihani wa kitabu teule, na wengi wetu tuliojifunza kusoma riwaya kwa ajili ya mtihani bado tunalo jeraha hilo; tukiona daftari na kitabu pamoja tunanusa chumba cha mtihani. Kwa hiyo batli isionyeshwe mtu. Hilo kwangu ni sharti.

Kuhusu bei ya vitabu sina la kupamba: ni ghali. Ndiyo sababu kurasa zihesabiwe, vitabu vinavyomilikiwa visihesabiwe. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ipo tangu 1967, maktaba za mikoa zipo, na kitabu cha kuazima kina sifa moja ambayo cha kununua hakina: kina tarehe ya kurudishwa.

Limebaki lengo lenyewe, na hapa ndipo fundi hutofautiana na mwanagenzi. Mwanagenzi hutaja idadi. Fundi hutaja safari. Chukua riwaya za Adam Shafi. Kwa mwaka wa kuchapishwa, Kasri ya Mwinyi Fuad ilitangulia mwaka 1978, Kuli ikafuata mwaka 1979, kisha pengo la miaka 20 hadi Vuta n'kuvute ya 1999, na Haini mwaka 2003. Msomaji aliyeandika miaka hiyo kwenye safu ya kwanza ataona kitu ambacho jalada halimwambii: matukio hayakufuata mpangilio huo. Kuli inatupeleka kwenye mgomo wa makuli wa Zanzibar wa 1948. Vuta n'kuvute inakaa katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Kasri inafikia Mapinduzi ya 1964. Haini inaingia gerezani baada ya kuuawa kwa kiongozi, na kila Mzanzibari anaukumbuka mwaka 1972. Zikisomwa kwa mpangilio huo wa pili, riwaya nne zinakuwa historia moja ya kisiwa, iliyoandikwa na mtu mmoja, kuanzia bandarini hadi gerezani. Hilo ni lengo la mwaka. Vitabu ni vinne tu, na sidhani aliyesoma 24 vya kuokoteza atakuwa amekwenda mbali kuliko huyu. Au Kezilahabi, riwaya sita, kuanzia Rosa Mistika ya 1971 hadi Mzingile ya 1991: miongo miwili ya miaka inayoanza na msichana wa Ukerewe na baba yake mkali, ikaishia mahali ambapo hadithi yenyewe imevunjwa vipande kwa makusudi. Asomaye Nagona peke yake hudhani mwandishi anamtania. Aliyeanzia mwanzo na kuandika neno lake baada ya kila kitabu ataweza kufungua daftari na kuona ni wapi chombo kilianza kupinda.

Mwaka wa kusoma hauna lazima ya kuanza Januari, mwezi wa ada na sare za shule, ambao ni mwezi mbaya kuanza jambo lolote linalohitaji utulivu. Nairuzi inafaa. Saba Saba inafaa, hasa tangu tarehe hiyo iwe pia Siku ya Kiswahili Duniani. Leo inafaa zaidi, kwa kuwa kitabu ulichokiacha katikati hakijui ni mwezi gani. Kichukue. Kama huna daftari karibu, tumia upande wa ndani wa jalada, ikiwa kitabu ni chako na si cha maktaba: andika tarehe, andika ukurasa ulioishia, na sababu iliyokufanya ukiache.